Korona na Ubongo wa Mtoto: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Dodoma

Mbukwenyi. Mimi ni muuguzi wa watoto, na maswali haya nimeyaokota kule kule yanakoulizwa: kwenye benchi la kusubiria, dirishani kwenye kadi, na usiku kwenye simu za majirani. Nimeyaacha jinsi yalivyoulizwa, hata yale ambayo mwulizaji alianza kwa kusema "usinicheke, dada". Majibu haya hayachukui nafasi ya tabibu aliyemshika mtoto wako kwa mikono yake. Na kama unasoma huku mtoto anatetemeka, ruka mpaka swali la tano.

Hivi korona bado ipo?

Ipo. Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura imekwisha. Kirusi chenyewe hakikuondoka, kimejichanganya na mafua mengine. Kwetu, kuanzia Juni mpaka Septemba upepo unapovuma na vumbi linaingia hadi kwenye sufuria, kila mtoto ana kamasi na kikohozi, na hakuna anayeweza kusema huyu ana korona na yule hana kwa kuwatazama tu.

Si ugonjwa wa mapafu huo? Unafikaje kichwani kwa mtoto?

Wengi hudhani kirusi kinapanda kwenye ubongo na kuutafuna. Kwa kawaida sivyo. Madaktari waliopima maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa wa namna hii, mara nyingi hawakukikuta kirusi humo. Walichokikuta ni dalili za moto wa kinga ya mwili. Mwili unapopigana na kirusi humwaga kemikali za kuita askari, na kemikali hizo zikizidi, mishipa midogo ya damu inavuja, damu inaelekea kuganda, na ubongo, ambao ni kiungo chenye deko kuliko vyote, unaanza kulalamika. Malalamiko yake ni maumivu ya kichwa, usingizi usio wa kawaida, kuweweseka, degedege.

Wakati mwingine kinga hukosea adui. Inakuwa kama mgambo aliyeitwa kukamata mwizi halafu akaanza kumpiga mwenye nyumba. Kirusi kimeshatoka, mtoto ameshapona mafua, ndipo kinga inaushambulia utando unaozifunika neva. Ndiyo maana baadhi ya shida nitakazozitaja hapa huja wiki mbili, tatu, hata sita baada ya homa ya kwanza, wakati mzazi ameshasahau kwamba mtoto aliumwa.

Ni watoto wangapi hupatwa na hayo?

Wachache. Watoto wengi wenye korona hupata mafua ya siku chache, na wengine hawapati dalili yoyote.

Kwa waliougua hadi kulazwa hospitali, hesabu inabadilika. Marekani mwaka 2020 walifuatilia watoto na vijana 1,695 waliolazwa katika hospitali 61 kwa sababu ya korona. Kati yao 365, yaani kama 22 katika kila 100, walikuwa na dalili fulani ya ubongo au neva. Katika hao 365, wale 322 dalili zao zilikuwa za kupita: kichwa, kuchanganyikiwa, kupotelewa na harufu au ladha, degedege fupi. Waliobaki 43 hali zao zilitishia maisha, na 11 kati ya hao walifariki. Uingereza walihesabu kwa vigezo vikali zaidi, wakapata watoto kama 4 katika kila 100 waliolazwa.

Tafadhali usizichukue namba hizo ukazimwagia mtaa wako wa Nkuhungu au Ipagala. Ni za watoto waliolazwa, tena katika nchi ambako kila aliyelazwa alipimwa. Huku kwetu watoto wengi waliugua na kupona nyumbani bila kipimo, na kuanzia mwisho wa Aprili 2020 takwimu za taifa hazikutangazwa kwa zaidi ya mwaka. Mzazi anayeniuliza kama mtoto wake "alishawahi kuwa nayo" namjibu kwamba pengine ndiyo, na kwamba haitusaidii sana. Kinachotusaidia ni kujua mtoto yukoje leo.

Mwanangu alikuwa na homa na mafua, usiku akapata degedege. Ni korona ndiyo imemletea?

Inawezekana, na pia inawezekana ni mafua mengine yoyote. Degedege la homa huwapata watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, kwa sababu ubongo wa umri huo haujazoea joto linalopanda ghafla. Katika kila watoto 100 wa umri huo, wawili mpaka watano hupata angalau mara moja. Lilipoingia wimbi la Omikroni, lile lililotangazwa na wenzetu wa Afrika Kusini na Botswana Novemba 2021, hospitali za nchi mbalimbali ziliona degedege la homa likiongezeka kwa watoto wenye korona, hata kwa wengine waliokuwa wakubwa kidogo kuliko tulivyozoea.

Degedege la kawaida la homa lina sura yake. Macho yanapinduka, mwili wote unakakamaa kisha unarusharusha mikono na miguu, povu linatoka, wengine wanajikojolea. Kwa kawaida linakata lenyewe ndani ya dakika chache, mtoto analala usingizi mzito, kisha anaamka na kumtafuta mama. Kwa anayetazama ni kama mtoto anakufa mbele yake. Nimeshamwona baba mzima, dereva wa lori la Kibaigwa, amekaa chini kwenye sakafu ya wodi hawezi kusimama, na mtoto wake tayari ameamka anaomba maji.

Kinachonitia wasiwasi ni degedege linalozidi dakika 5, linalorudi tena ndani ya saa 24, linaloshika upande mmoja tu wa mwili, au linalompata mtoto asiye na homa kabisa. Na mtoto ambaye degedege limekwisha lakini saa nzima imepita bado hajamtambua mama yake, huyo usimwite amelala.

Nifanye nini akianza kutetemeka?

Tazama saa. Najua inasikika kama upuuzi wakati mtoto anatetemeka, lakini dakika moja ya degedege huonekana kama nusu saa, na daktari atakuuliza lilichukua muda gani.

Mlaze chini, kwenye mkeka au kitenge, mbali na jiko. Mgeuze alale ubavu ili mate na matapishi yatoke nje yasiingie mapafuni. Legeza nguo shingoni. Ondoa lile blanketi. Basi. Usimbane mikono, usimtingishe, usimpe maji wala dawa mdomoni. Na kijiko, nakuomba, kiache jikoni. Hakuna mtoto aliyewahi kumeza ulimi wake, ila wapo waliovunjwa meno kwa kijiko, na wapo wazazi wanaonyesha kidole chenye kovu.

Usimmwagie maji ya baridi. Homa ishushwe na parasetamo akishaamka na kuweza kumeza, kwa kipimo cha uzito wake, tena kila baada ya saa 6, isiwe kila unapomwona amechangamka kidogo tu. Aspirini usimpe kabisa mtoto mwenye homa ya virusi, ina madhara mabaya ya ini na ubongo kwa watoto.

Likipita dakika 5, ondokeni. Kama usafiri ni bodaboda, mtoto akae katikati, wewe nyuma umemkumbatia, kichwa chake kimeelekezwa pembeni na uso uko wazi. Mara nyingi watoto hufika kwetu wamefunikwa gubigubi "wasipigwe na upepo", na chini ya kile kitenge mtoto hapati hewa.

Hata degedege likikata nyumbani, kama ndiyo mara ya kwanza, mlete siku hiyo hiyo. Tutampima malaria, tutapima sukari, tutamkagua shingo.

Bibi yake anasema degedege halitaki sindano, akichomwa atakufa. Nifanyeje?

Bibi hakulitunga hilo. Neno lenyewe degedege tumelirithi pamoja na hadithi ya mdudu au ndege arukaye usiku, na dawa zake zinajulikana nchi nzima: moshi wa kinyesi cha tembo, kukojolewa, kuchanjwa. Na bibi ameona kwa macho yake mtoto aliyepelekwa hospitali, akachomwa sindano, akafa. Asichoambiwa ni kwamba mtoto yule alikaa siku mbili kwa mganga kwanza, akafikishwa akiwa ameshaisha.

Sipendi kugombana na bibi za watu. Ninachowaambia ni hivi: dua haina muda, isomwe njiani. Moshi ndiyo ninaoukataza, kwa kuwa mtoto aliyetoka kwenye degedege anahitaji hewa safi kuliko kitu kingine chochote. Na sindano tunayompa mtoto ambaye degedege limegoma kukata ndiyo inayolikata. Mara nyingine hata si sindano, dawa hupitishwa njia ya haja kubwa, na mabibi wengi wakisikia hivyo huwa wanapoa.

Je, atakuwa na kifafa?

Uwezekano mkubwa, hapana. Mtoto mmoja katika watatu waliopata degedege la homa atapata tena homa nyingine ikija, na mzazi ajiandae kwa hilo, lakini walio wengi wakifika miaka sita hivi limeshakoma na wanasoma kama wenzao. Hatari ya kifafa baadaye inapanda kidogo tu kuliko kwa watoto wengine. Inapanda zaidi kwa yule ambaye degedege lake lilikuwa refu au la upande mmoja, au aliyekuwa na shida ya ukuaji tangu awali.

Kwa mtoto mkubwa wa miaka kumi anayeanza kuanguka bila homa, korona iweke mwisho wa orodha. Kwenye vijiji vyetu vinavyofuga nguruwe huria, minyoo ya nguruwe inayoingia kwenye ubongo ni sababu ya kifafa ambayo watu hawaitaji vya kutosha.

Nitajuaje kama ni korona, malaria au uti wa mgongo?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mzazi aulize, maana ndipo watoto wanapopotelea. Tangu 2020 nimeona mtindo mpya. Mtoto ana homa na kichwa, familia inasema "ni hiki kikorona tu, kitapita", wanakaa nacho. Korona kwa mtoto kwa kweli mara nyingi hupita. Uti wa mgongo haupiti.

Nyumbani huwezi kuvitofautisha, na hata mimi kwa macho tu siwezi. Malaria ina kipimo cha haraka, tone la damu kidoleni na jibu dakika kumi na tano au ishirini. Mkoa wetu una malaria kidogo ukilinganisha na Kigoma au Geita, na hiyo inatudanganya: mtoto aliyerudi kutoka likizo kwa babu yake Kigoma anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani huku kila mtu anamtibu mafua. Mseme daktarini mmetoka wapi.

Homa ya uti wa mgongo ina ishara zake. Mtoto mkubwa mwambie atazame kitovu chake, au dondosha shilingi kifuani kwake umwambie aiangalie. Mwenye shingo iliyokakamaa hawezi, au atainama kiuno kizima badala ya shingo. Hataki mwanga, anataka chumba cha giza. Kwa mtoto mchanga shingo haitakusaidia sana. Pitisha kiganja utosini akiwa ametulia amekaa: utosi uliovimba na kukaza kama mpira ni wa kukimbiza hospitali. Mtoto mchanga anayelia zaidi anapobebwa, wakati kubebwa ndiko kulikokuwa kukimtuliza, huyo pia.

Halafu zipo dalili za hatari ambazo hazina jina la ugonjwa, na kila mhudumu wa ngazi ya jamii anazijua: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hajitambui. Moja tu kati ya hizo inatosha kuondoka nyumbani, hata kama ni saa nane usiku na kesho kuna shamba.

Daktari anataka kuchukua maji ya mgongoni. Nimesikia mtoto hupooza. Nikubali?

Kubali. Sindano inaingizwa chini ya pale uti wenyewe unapoishia, sehemu yenye nyuzi za neva zinazoelea kwenye maji, zinaikwepa sindano kama tambi kwenye mchuzi. Mtoto anakunjwa alale kama jongoo, muuguzi anamshika (kazi hiyo mara nyingi ni yangu, na mgongo unauma kuliko wa mtoto), matone machache yanaanguka kwenye kichupa. Maji ya mtoto mzima ni meupe kabisa kama ya kunywa. Yakitoka na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, hatusubiri maabara, dawa inaanza hapo hapo.

Waliopooza baada ya kipimo hicho, wengi walipoozeshwa na ugonjwa uliowafanya wapimwe.

Alipona homa. Wiki tatu baadaye homa imerudi, macho mekundu, tumbo linauma, na anaongea maneno yasiyoeleweka.

Mpeleke leo, na sema wazi kwamba aliumwa mafua wiki kadhaa zilizopita.

Aprili 2020 madaktari wa Uingereza walitoa tahadhari kuhusu watoto waliokuwa wazima, kisha wiki mbili hadi sita baada ya korona wakapata homa kali, upele, macho na midomo mekundu, kuhara na kutapika, presha ikashuka. Kinga ya mwili inawaka viungo vingi kwa pamoja: moyo, utumbo, ngozi, na ubongo pia. Kichwani huonekana kama maumivu makali, hasira isiyo ya kawaida, kuchanganyikiwa. Wengi waliopatwa walikuwa wa umri wa shule ya msingi. Hali hii imekuwa adimu zaidi miaka ya karibuni, na ina dawa za kuituliza kinga, lakini dawa hizo ni za hospitali kubwa yenye uangalizi wa moyo. Kwa sura ya nje inafanana na taifodi au kidole tumbo, ndiyo maana ile historia ya mafua ina thamani. Mtu asipoitaja, daktari ataanza kutafuta kwingine.

Miguu imelegea ghafla, jana alikuwa anacheza mpira.

Usimpeleke kukandwa. Nenda hospitali.

Baada ya maambukizi mbalimbali, korona ikiwemo, kinga huweza kuzishambulia neva za miguu. Ulegevu unaanzia miguuni, pande zote mbili, unapanda kwa siku chache kuelekea mikononi, na hofu yetu ni usifike kwenye misuli ya kupumua. Ni nadra kwa watoto, na wengi hupona, ingawa kwa miezi.

Lakini kuna jambo la pili, na hapa naomba ushirikiano. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla lazima achunguzwe polio. Tutaomba choo chake mara mbili, sampuli zipishane angalau saa 24, zote ndani ya siku 14 tangu alegee. Akina mama huona tunawadhalilisha kwa kuomba kinyesi wakati mtoto kashikwa miguu. Polio ilionekana kwa jirani zetu Malawi Februari 2022, ndiyo sababu wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba mwaka ule. Sampuli ile ndiyo inayotuambia kama mtoto anayo.

Tukikuuliza kama mtoto alichomwa sindano ya tako hivi karibuni, usifiche. Sindano iliyochomwa pasipo pake, mara nyingi duka la dawa au na jirani "mwenye mkono mzuri", inaweza kuumiza neva kubwa ya mguu, na hapo mguu unaolegea ni ule mmoja uliochomwa.

Mwanangu hasikii harufu. Itarudi?

Kwa wengi hurudi ndani ya wiki chache. Kirusi huumiza chembe zinazozilea neva za harufu juu ndani ya pua, neva zenyewe mara nyingi zimebaki hai.

Kijana wa sekondari atakwambia mwenyewe. Mtoto wa miaka minne hajui kwamba kuna kitu amepoteza. Utamwona anakataa chakula. Mama mmoja aliniletea binti wa namna hiyo, analalamika kwamba ameanza deko: mlenda aliokuwa anaupenda anausukuma, anasema una utelezi. Ulikuwa na utelezi siku zote! Harufu ilipokwenda, utelezi ndio uliobaki. Tulimfumba macho tukampitishia kitunguu kilichokatwa puani, hakutikisika.

Mazoezi yapo na hayana gharama. Limau, karafuu, jani la mkaratusi lililofikichwa, iliki: anuse kimoja kimoja, polepole, asubuhi na jioni, kwa wiki kadhaa. Mpaka harufu irudi, asiachwe peke yake na jiko la mkaa au la gesi, wala asiulizwe yeye kama maziwa yameungua.

Tangu augue amekuwa mzito darasani. Mwalimu anasema ni mvivu.

Hapa nitakaa kidogo.

Shirika la Afya Duniani, Februari 2023, liliieleza hali ya watoto wanaobaki na dalili baada ya korona: dalili zinaanza ndani ya miezi 3 tangu maambukizi na kudumu angalau miezi 2. Kwa watoto zinazojitokeza zaidi ni uchovu, harufu kubadilika na wasiwasi. Wengine wana kichwa kinachouma, usingizi mbovu, na ule uzito wa kufikiri ambao mtoto mmoja wa darasa la sita aliniambia, "nikisoma mstari wa pili, wa kwanza umeshatoroka."

Hali hiyo ipo kweli. Lakini Uingereza walifanya jambo la busara: waliwauliza vijana wa miaka 11 hadi 17 waliopimwa, wenye korona na wasio nayo, miezi mitatu baadaye. Waliokuwa nayo, 66.5 katika 100 walikuwa na dalili fulani. Wale ambao hawakuwa nayo, 53.3. Wenye dalili tatu au zaidi walikuwa 30 katika 100 upande mmoja, 16 upande wa pili. Maana yake korona inaongeza mzigo, na pia kwamba vijana wengi walikuwa wamechoka hata bila korona. Kwetu shule zilifungwa kuanzia Machi 17, 2020, na shule za msingi zikafunguliwa Juni 29. Kuna waliofiwa. Kuna ambao baba alirudi kutoka mjini bila kazi.

Kwa hiyo mtoto mzito darasani mimi huanzia karibu. Napima wingi wa damu. Nauliza anakula nini kabla ya kwenda shule na anatembea umbali gani, maana mtoto wa Bahi anayetembea kilomita sita bila uji ana haki ya kusinzia. Macho, naomba asome ubao kutoka nyuma ya darasa. Minyoo na kichocho. Usingizi: analala saa ngapi, na simu ya nani. Kama yote yako sawa na uzito ulianza baada ya homa, basi namwandikia mwalimu barua. Naomba apewe mapumziko mafupi kati ya vipindi, asikimbizwe mchakamchaka kwa sasa, kazi za nyumbani zipunguzwe halafu ziongezwe kidogo kidogo wiki hata wiki. Mtoto anayelazimishwa kujikaza siku anayojisikia vizuri, kesho yake huanguka kitandani, na mzunguko huo ndio unaochelewesha kupona.

Wengi hupona, ndani ya miezi. Kumwita mvivu hakujawahi kumwongezea mtoto damu.

Tukimfukiza?

Hapana. Mvuke haufiki kwenye ubongo wala hauui kirusi mwilini. Sufuria ya maji ya moto, blanketi, na mtoto wa miaka mitatu anayerusha miguu: majeraha ya moto yaliyotokana na hilo nimeyasafisha kwa mikono yangu, na yule mtoto alikuwa na mafua tu.

Ana kifafa tayari. Akipata korona itakuwaje?

Homa yoyote inaweza kuamsha kifafa kilichotulia. Kosa kubwa ninaloliona ni kuacha dawa za kifafa kwa sababu "sasa anakunywa za homa". Usiziache hata siku moja. Akitapika dawa zote, hiyo ni sababu ya kulazwa. Na mwenye selimundu akilegea upande mmoja, akipinda mdomo au akishindwa kuongea ghafla, msisubiri asubuhi: kiharusi kwa watoto wa selimundu kipo hata pasipo korona.

Mtoto mchanga je?

Homa kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu ni safari ya hospitali, hakuna mjadala, iwe ni korona au la. Mama mwenye korona aendelee kunyonyesha, avae barakoa, anawe mikono.

Kuna chanjo ya kumkinga ubongo?

Chanjo ya korona ilianza kutolewa nchini Julai 2021 kwa watu wazima. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani liliwaweka watoto wenye afya njema kwenye kundi la kipaumbele cha chini, kila nchi iamue yenyewe kulingana na mzigo wa magonjwa mengine. Kama mtoto ana ugonjwa sugu, uliza kliniki yake.

Ila kama hofu yako ni ubongo, fungua kadi ya kliniki uangalie. Pentavalenti na nimokoka, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zinazuia baadhi ya wadudu wakubwa wa uti wa mgongo. Surua-rubela, miezi 9 na miezi 18. Ile ya pili ya miezi 18 ndiyo akina mama wengi huisahau kwa kuwa mtoto ameshakuwa mtembezi. Surua huvimbisha ubongo wa mtoto mmoja katika kila elfu moja wanaoiugua, na katika hili surua ni mbaya kuliko korona kwa mbali.

Kwa hapa Dodoma niende wapi?

Anza kituo kilicho karibu, hata zahanati, kwa sababu degedege hukatwa popote penye dawa na sukari hupimwa popote. Usilipite lango la kituo cha afya cha jirani ukiwa na mtoto anayetetemeka ati unawahi mjini. Wao watampa rufaa: General, yaani Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au Benjamin Mkapa pale karibu na Chuo Kikuu, ambako kuna mashine za kupiga picha za ubongo. Upande wa Mvumi mna hospitali yenu, na wa Manyoni wengi huenda Itigi.

Mkielekezwa kliniki ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kwa ajili ya kifafa, nendeni. Kuna familia zinageuza njia kwa sababu jina hilo mtaani ni tusi. Mtoto wenu haitwi chizi, anaandikiwa dawa.

Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Nikifika kwa daktari huwa nasahau kila kitu. Niseme nini?

Homa ilianza siku gani. Mafua ya mwisho yalikuwa lini, na nani mwingine nyumbani aliumwa. Mmesafiri wapi. Amekunywa dawa gani, za hospitali na za kienyeji, zote, sitakugombeza. Degedege lilichukua dakika ngapi, lilianzia mkono gani, macho yalielekea wapi.

Hilo la mwisho ndilo gumu, na mwaka juzi mama mmoja muuza karanga wa Majengo alinifundisha njia. Mtoto alipoanza, alimlaza ubavu kama tulivyomwelekeza mara ya kwanza, kisha akampa kaka mtu simu akamwambia, "rekodi, usilie." Video ya dakika moja na nusu, inatikisika, kuna jogoo anawika nyuma. Daktari aliitazama mara mbili, akaona kidole gumba cha kushoto kinaanza kucheza peke yake kabla ya mwili wote. Hapo hapo akaandika kipimo ambacho asingekiandika kwa maneno yetu.